Usimuulize Mama Tension ku Simu

Ngungu, Masisi
Tarehe 14, mwezi wa kumi na moja, 2023

Mupendwa kaka yangu Léonard,

Nakusalimia kwa jina la Yesu, wewe na mulamu wangu Elodie na watoto wote. Munaendelea namna gani na ile joto ya Lubumbashi? Mutoto wa mwisho ameota meno, ao angali anawanyima usingizi? Mugongo wako umepona?

Sisi huku tungali tunatembea, lakini siwezi kuandika kama tuko muzuri. Mvua haitaki kututoka, maharagi yanaoza mbele ya kukomaa, na siku zingine tunasikia masasi ya bunduki upande wa Rubaya. Bwana yangu Jean de Dieu angali anabeba mizigo kule ku milima. Akirudi, ni kula na kulala, hata kuongea hana nguvu. Mutoto wangu Rukundo alikohoa sana. Sasa amepona, lakini hataki kushuka ku mugongo wangu, ninalima naye, ninapika naye. Nimechoka, kaka. Nitaandika vile mukono unaweza.

Nimechagua barua sababu ku simu tulishindwa kusikilizana. Mara ya mwisho nilipanda peke yangu kule juu kwenye simu inashika, kukueleza mambo ya Mama, ukaniuliza, “Mapendo, wewe njo umekuwa docteur?” Kisha ukakata. Barua hii itakufikia kwa mukono wa Habineza, yule jirani yetu fundi wa mbao, anakuja huko kutafuta kazi. Tafazali isome mpaka mwisho mbele ya kukasirika.

Nianzie ku kituo cha afya. Unajua kila mara Mama akipimwa kule, tension, ile presha ya damu, inakuwa juu, kumi na saba juu ya kumi, ao kupita pale. Infirmier Guy, muuguzi wa pale, ni muntu wa pole, hagombezi wagonjwa. Lakini akifungua tu kile kitambaa cha kufunga ku mukono, Mama anabadilika sura na vidole vinakuwa baridi. Nilifikiri ni kilima tunachopanda mbele ya kufika. Siku moja tukakaa ku banc mpaka wagonjwa wote wakaisha. Mama mumoja pale akatuchekesha, akasema, “Nani hana tension hapa Masisi? Hata radio inasema kila asubui tension iko, ile ya vita.” Mama alicheka na wengine. Akaingia, wakamupima, ikawa juu vile vile.

Sababu aliniambia majuzi, tukichambua maharagi. Alisema bila kuniangalia, “Kile kitambaa njo walimufunga Papa yenu ile siku. Kikakaza, kikakaza. Guy akasema namba, na Papa yenu hakuamuka tena ku kile kitanda.” Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilikuwa inje na watoto. Ni yeye peke yake aliona. Sasa kila akifungwa kile kitambaa, moyo wake unakimbia.

Guy mwenyewe alishaona kama iko kitu. Alituambia, “Mama, tension unayo kweli, lakini nusu yake ni woga unaokuja nao hapa.” Akasema asiache kile kidonge kimoja cha asubui, tusikimbilie kuongeza cha pili. Kama tuko na mashini ku nyumba, tumupime akiwa ametulia, kisha tumuletee mashini aangalie namba zenye zinabakia ndani.

Kwa ile mashini uliyotuma, Mungu akubariki. Mwanzo tuliitumia vibaya. Tuliifunga juu ya triko, sababu ya baridi ya huku, na Mama alikuwa anagombana nayo: “Niache basi, nimeshakuambia niko muzima.” Baadaye nikajua: mukono wazi, mugongo ku ukuta, miguu chini, Rukundo apelekwe inje, na kinywa kifungwe. Ikaandika kumi na tatu juu ya nane. Kesho yake, karibu vile vile. Mama akasema mashini hii imelelewa muzuri kuliko ile ya Guy.

Kisha, kaka, njo ulianza kupiga simu kila jioni kuuliza namba.

Wewe hauoni vile tunafanyaka. Rezo ya simu haiko ku nyumba, iko kule juu ku kona ya mikalitusi. Saa yako ikikaribia, Mama anavaa kitenge cha kanisa, anafunga kitambaa ku kichwa, anapanda. Tangu Papa alikufa anasema wewe njo Papa wa nyumba, na muntu haongei na Papa wa nyumba akiwa ameikala. Basi anasimama. Pumuzi haijarudi, mashini imefungwa ku mukono mumoja, simu iko mu mukono mwingine, anakujibu, na mimi ninabonyeza. Hapo ulitaka itoke namba gani? Ilitoka kumi na saba, kumi na nane. Nawe unamwambia, “Mama, unataka kufa utuache?” Anajibu, “Hapana, Papa.” Anakuita Papa, kaka. Wewe uliyenyonya kwake.

Nilipeleka mashini kwa Guy. Namba za asubui ziko chini, za jioni ziko juu, kila siku hivyo. Akaniuliza, “Jioni kunakuaka nini?” Nikasema, “Kaka yangu anapiga simu.” Hakucheka.

Sasa nakuja ku neno lenye Mama aliniapisha nisikuambie. Ni kwa sababu ya kile kiapo njo nilikuwa ninazunguka-zunguka ku simu, ukaona ninakubishia tu.

Kile kidonge cha pili ulichotuma sababu ya zile namba za jioni, ukamuamuru akinywe, alikinywa. Hakuuliza Guy, hakuuliza mimi. Asubui moja tulikuwa mu shamba, akainama kuchukua kitunga cha viazi, akasimama, na akaanguka uso ku majiwe. Nilimupigia makelele akawa hasikii. Wanaume wa shamba ya jirani wakatusaidia kumushusha. Mashini iliandika tisa juu ya tano. Jino la mbele lilivunjika. Sasa akiongea anaficha kinywa na mukono, hata mbele ya watoto.

Alipofungua macho, neno lake la kwanza lilikuwa hili: “Usimwambie Léonard nilianguka. Umwambie nilikunywa vyote.”

Nimeandika hilo hapa ili ulisome wewe mwenyewe. Najua haukutaka mabaya. Papa alikufa wewe uko mbali, ukaogopa na Mama asimufuate. Sisi wote tunaogopa. Lakini woga wako unapita mu simu, unaingia mu mwili wake.

Guy alikataza kile cha pili kabisa. Lakini shida ya sasa ni ingine, na ni kubwa kuliko ile: Mama amekataa hata cha kwanza. Anasema vidonge vyote ni ndugu, na vilimuangusha. Nimemubembeleza, nimemugombeza, nimelia. Anajibu, “Guy haiko Papa wa nyumba. Wewe ni mutoto. Léonard akisema, nitakunywa.” Na siku hizi namba za asubui zimeanza kupanda, akiwa ameikala, ametulia, bila simu. Jana ilikuwa kumi na sita. Hii haiko ya woga tena, ni ile ya kweli, ile iliyomuchukua Papa.

Kwa hiyo, kaka, ukimaliza kusoma, umupigie. Mimi nitakuwa ninapanda naye kila jioni kungojea. Umuambie kwa kinywa chako kidonge kimoja cha asubui akirudilie, cha pili kiishe. Usimuambie kama unajua alianguka. Kisha, kuanzia siku ile, usimuulize namba tena. Namba ni kazi yangu na Guy, nitakutumia message. Wewe umuulize maharagi, umuulize Rukundo, umuulize nani ameoa huku Ngungu. Hapa sikuombi, nakuambia.

Na mbele ya yote, akipokea simu, umuambie, “Mama, ikala chini.” Atakataa. Umuambie tena, mpaka usikie ameikala.

Munisalimie mulamu Elodie na watoto, kila mumoja kwa jina lake. Jean de Dieu anakusalimia. Mama hajui kama naandika, sina salamu yake ya kukupa, lakini kila asubui akiomba anaanza na jina lako.

Bwana awafunike kule muliko, na atupe sisi huku siku zenye muntu anaweza kulala bila kusikiliza inje.

Ni mimi dada yako mudogo mwenye kukupenda hata akikugombeza,

Mapendo