Nyoka Niliyemlisha Siku Mliyomzika Tata

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kabla Koku hajalimaliza neno lenyewe. Goti lako linaendeleaje na hizi mvua? Kahawa mmeshaanika, au bado iko mitini? Na ile migomba ya upande wa bondeni, mnyauko umekoma au unazidi kupanda kuja nyumbani? Mimi mwili ni mzima. Moyo hauko sawa, sitakudanganya, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga. Simu aliyokuwa anatumia Koku siku hizi anaishika Kaka Deo, na Kaka Deo akisikia sauti yangu anakata. Barua hii nimempa dada mmoja wa Bugene aliyemaliza mkataba wake, ameahidi kuifikisha mkononi mwa Koku. Koku mdogo wangu, msomee Mama kila neno, usiruke hata pale patakapokuchoma.

Mama, yanayosemwa huko Chonyonyo yamenifikia. Kwamba nafuga nyoka wa utajiri huku Uarabuni. Kwamba anaitwa Dhahabu na anatapika pesa. Kwamba mabati ya nyumba yetu yametoka kwake, na kwamba Tata hakuanguka kwa presha, nilimtoa kafara mimi mwanawe. Nimeambiwa kina mama wa jumuiya hawaji tena kusali rozari kwako, na kwamba pale sokoni Nyaishozi watu wanaziruka ndizi zako wakanunue kwa mwingine. Nililia. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo ninayo hata sasa. Basi usikie ukweli kutoka kwa mtoto uliyemzaa.

Nyoka alikuwepo. Na jina lake kweli lilikuwa Dhahabu. Ila hakuwa wangu, na hakunipa kitu zaidi ya kazi.

Katika nyumba hii ninayofanya kazi wako wawili tu: Madam, ambaye ni mjane, na mwanawe Faris. Huku wapo watu wanaofuga nyoka kama sisi tunavyofuga paka. Faris alimnunua kwa mfanyabiashara, chatu wa aina ndogo, asiye na sumu, hata mpini wa jembe ulikuwa mrefu kuliko yeye. Rangi yake ilikuwa ya ndizi mbivu, na mistari myembamba myeusi imepita juu yake kama utando wa buibui. Alikaa ndani ya sanduku la kioo lenye taa ya kumpa joto. Mimi chumba kile nilikuwa nafagia mlangoni tu na kukimbia. Unajua sisi nyoka akionekana kibanjani, kwenye migomba, anaitiwa panga.

Faris akaondoka kwenda kusoma chuo mji mwingine, akamwacha. Madam anaogopa nyoka kuliko mimi. Alikuwa anasimama kule koridoni, ameshika shela yake puani, ananiita: "Kemi, chungulia uone kama yuko hai!" Nikachungulia leo, nikachungulia kesho, na kazi ikawa yangu bila mtu kuniuliza.

Ndipo nikaona kwamba hayuko sawa. Kichwa kilikuwa kinatikisika kama cha mzee aliyeshikwa na baridi. Akitaka kwenda mbele, shingo inapinda, kichwa kinageuka juu chini, anabaki anatazama dari. Nikimpa panya, hao wanaonunuliwa wakiwa wameganda, anarusha mdomo na kukosa. Anapiga kioo, anapiga ukuta, anachoka, analala na njaa. Siku moja nilimkuta amelala chali hawezi kujigeuza. Nilijifunga vitambaa mikononi, nikasema Baba Yetu yote, nikamgeuza. Mama, hakuwa wa baridi wala wa utelezi kama tunavyosema. Alikuwa mkavu, na alikuwa anatetemeka.

Faris aliporudi likizo tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimgeuza chali, akatazama anavyohangaika, akasema: "Ni mishipa ya fahamu. Amezaliwa hivi. Hakuna dawa."

Faris akauliza kama labda alianguka. Daktari akasema hapana, rangi hii na ugonjwa huu vinazaliwa pamoja, huwezi kupata kimoja ukaacha kingine.

Nikauliza kwa Kiarabu changu kibovu: "Wanaowazalisha wanajua?"

"Wanajua."

"Na bado wanawazalisha?"

Akainua mabega. "Watu wanapenda rangi."

Sijasahau jibu lile. Kiumbe anazaliwa hajui juu wala chini, kwa makusudi, ili apendeze sebuleni kwa mtu.

Tangu hapo nilimtunza kwa moyo, sitaficha. Nilitoa magogo yote aliyokuwa anaanguka kutoka juu yake. Nikampa sahani ya maji ya kina kifupi asije akazama. Kumlisha, nilifunika kioo kwa khanga mwanga usimsumbue, nikamshika panya kwa koleo ndefu karibu kabisa na mdomo wake, nikatulia bila kutikisa mkono mpaka kichwa kitulie. Ilitaka subira. Akikamata, nilifurahi kama nimemlisha mtu. Ndipo nikamtumia Koku ule ujumbe wa sauti, "Leo Dhahabu amekula," nikicheka. Koku akacheka na binamu yetu, binamu akamsimulia Kaka Deo, na huko mbele maneno yakaota miguu. Sikulaumu, Koku. Ulikuwa unacheka tu.

Sasa nifike kwa Tata.

Koku aliponipigia nilikuwa jikoni nakanda unga. Alisema tu, "Dada, Tata ameanguka kibanjani," na kwa sauti yake nikajua yaliyobaki. Nilikwenda kwa Madam na unga mikononi. Nikamwambia baba yangu amekufa, naomba pasipoti yangu niende kuzika, nitarudi. Alinikumbatia, Mama. Alilia na mimi. Nikajua nimepata ruhusa. Kisha akafuta machozi akauliza: "Na nyoka?"

Nikasema Faris aje. Akasema Faris yuko kwenye mitihani. Nikasema nitamfundisha dereva. Dereva alikataa palepale, hata ndani hakuingia. Nikapiga magoti, mimi niliyezoea kupiga magoti mbele yako na mbele ya altare tu.

Madam akasema, kwa sauti ya upole kabisa: "Kemi, baba yako ameshafariki. Ukienda hutamfufua. Huyu yuko hai, na bila wewe hatakula. Faris atanilaumu maisha yangu yote."

Nilimwambia Kaka Deo hivyohivyo kwenye simu, nikidhani kaka yangu atanionea huruma. Nilisikia watu wa msibani nyuma yake. Akasema kwa nguvu, wote wasikie: "Kwa hiyo umebaki na nyoka?" Akakata. Baadaye akanitumia ujumbe: "Kaa na nyoka wako." Kaka Deo, kama upo hapo unasikiliza, ulijua presha ya Tata tangu zamani. Wewe ndiye uliyekuwa unampakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali. Uliwaacha watu waseme nilimtoa, na hukufungua mdomo.

Saa mliyokuwa mnamteremsha Tata, mimi nilikuwa nimeshika koleo. Alikula siku ile. Nilimchukia kwa kula kwake, kisha nikaona aibu, maana yeye hakuomba kuzaliwa wala hakunizuia. Aliyenizuia ni mwenye miguu.

Mwezi haukuisha, akaacha kula kabisa. Nilijaribu kila njia. Faris alikuja, akamtazama akijinyonganyonga, akampigia daktari, na wakakubaliana achomwe sindano alale moja kwa moja. Haikuchukua muda mrefu. Mimi ndiye niliyemshika, kwa sababu kwangu alikuwa anatulia. Kwa hiyo Mama, yule ambaye nisingeweza kumwacha hata kwa maziko ya baba yangu, waliweza kumwacha kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Madam akaniambia, "Sasa umepumzika."

Wiki iliyofuata Faris akaleta kisanduku. Ndani mna mwingine, mzima, mweusi. Madam akatabasamu: "Huyu hatakusumbua."

Nikasema, "Hapana."

Hakusikia, au hakuamini. Nikarudia: "Hapana, Madam. Nataka pasipoti yangu." Alisema mimi sina shukrani, akataja mema yote aliyonitendea, na mengine ni kweli. Niliacha amalize, nikabaki nimesimama palepale. Ni Faris aliyekwenda chumbani kwa mama yake akairudisha mkononi mwangu. Akasema, "Sikujua kuhusu baba yako. Hakuniambia." Nadhani ni kweli. Lakini kutojua kwake hakunirudishii Tata.

Nakuja, Mama. Namsubiri msichana atakayeshika nafasi yangu, kisha nakuja moja kwa moja. Kaka Deo akitaka kufungua begi langu, afungue uani mchana, mbele ya jumuiya nzima, na kila anayetaka apekue mpaka kwenye pindo za nguo.

Nisalimie shangazi aliyebaki nawe usiku wa matanga. Msalimie katekista, mwambie namshukuru kwa kumtaja Tata kila Jumapili. Salamu kwa jirani yetu mama wa Kirundi, maana nasikia yeye peke yake hakuacha kuja kukuchotea maji. Na Kaka Deo umpe salamu zangu pia, sitaki aseme nimemruka.

Ombi langu ni moja. Nasikia mmeshanunua saruji ya kaburi. Msilisakafie. Liacheni hivyo lilivyo, udongo mtupu, hata kama mvua inalibomoa kidogo. Wenzangu wote walitupa udongo wao juu ya Tata. Niachieni na mimi pa kutupa wangu.

Ni mimi mtoto wako,
Kemilembe