Tiara Juu, Shimo Chini

Jumamosi, hapa machimboni Nyarugusu. Upepo umeamka kabla yetu, vumbi mpaka kwenye sufuria ya uji. Na moyo wangu hivyo hivyo, haujatulia tangu asubuhi.

Leo kulikuwa na tamasha la kurusha tiara, limeletwa na vijana wageni. Wiki nzima watoto hawakuongea kingine. Binti yangu Minza katengeneza ya kwake kwa mabua ya mtama na karatasi ya mfuko wa saruji. Mkia kaukata kwenye kanga yangu, wala hakuniomba.

Mimi cha bure huwa nakitilia mashaka. Huku wageni huja kutafuta dhahabu, sasa hawa wa tamasha wanaogawa uzi na soda bure wanatafuta nini? Halafu nikasikia uwanja waliouchagua, ule wa nyuma ya karasha za kusagia mawe.

Pale pana shimo.

Ni duara la zamani la wachimba dhahabu, baba yake Minza alichimba humo. Walilifunika kwa magogo na kifusi, nyasi zikaota. Asiyejua anaona ardhi tu. Lakini magogo huoza, na mrusha tiara hukimbia kinyumenyume, macho juu.

Nikamwendea kijana wao aliyekuwa anatangaza kwa kipaza sauti. "Mama, uwanja umekaguliwa, ondoa wasiwasi." Nani kakagua? Eti wenzake.

Sikumwamini. Kumzuia Minza nako nilishindwa, wenzake wote walikuwa wanakwenda. Basi nikaenda kusimama pembeni ya shimo lenyewe.

Watu walifurika. Karasha zilinyamaza, hata wauza dagaa waliacha meza zao. Nasikia angani palipendeza. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya watoto, anayesogea namfukuza kama kuku.

Jirani yangu Mama Shija akapita anacheka. "Mama Minza, mbona umeganda hapo? Unalinda dhahabu?"

Nikacheka na mimi. Kumbe vijana wachimbaji wamesikia. Huku kwetu ukisimama mahali pamoja muda mrefu, hakuna atakayesema umechoka.

Wakaja. "Shikamoo mama. Hapo kuna mali?"

"Marahaba. Naangalia watoto tu."

"Ndivyo mnavyosemaga," mmoja akaguna.

Nikawaambia wasikanyage katikati. Hapo ndipo wakaamini kabisa. Wakachomeka miti, wakazungusha kamba pande zote, wakakaa kulinda eneo lao wenzao wasije wakawawahi.

Ningeweza kuwaeleza yote. Nikaiona ile kamba, nikanyamaza.

Hakuna mtoto aliyepita tena pale. Ndipo nikainua kichwa. Ya Minza ilikuwa mbali kule juu, mkia wa kanga unacheza, na yeye chini anapiga kelele niitazame. Machozi yalinitoka kidogo.

Lakini sasa usiku nimekaa jikoni, nawawaza wale vijana. Walipoondoka walikuwa wananong'ona, na kesho watarudi na sururu. Magogo yale hayatawabeba. Wao nao wana mama zao, wako huko Kahama sijui Biharamulo, hawajui lolote.

Nimemlinda wangu kwa kuwatoa watoto wa wenzangu.

Alfajiri nitawawahi palepale, niwaambie hapo hakuna kitu, ni shimo bovu na chini hakuna hata punje.

Ila Nyarugusu hii, nani atamwamini mama anayesema hakuna dhahabu?