Baruti Laini kwa Bega la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Daktari kamrudisha shemeji nyumbani. Tangu dada yake, mke wangu, anifie, shemeji anaishi kwetu. Daktari hakusema mengi—kamwambia binti yangu ampe mjomba wake chochote anachotamani kula. Nikajua.

Shemeji hatamani kula. Anatamani kupiga gobore lake! Mara moja tu, kwa bega lake mwenyewe. Binti kanikodolea macho: Baba, kifua kile? Nikamwambia niachie mimi. Nani anajua baruti kunishinda? Niliangusha nguruwe pori wawili kwa gololi moja, wa tatu akafa kwa woga. Shemeji kutoka kitandani: mwaka jana ulisema wa tatu alikimbia!

Jumatano, 5 Juni
Nimejaribu baruti nyeusi, ile yetu ya zamani, nyuma ya karakana. Haipigi bega, inasukuma—kama mke anayetaka nafasi kitandani. Ila moshi! Nilipotelea humo, nikatoka nakohoa kama pikipiki mbovu. Nikakaa kwenye gogo, nikawaza. Moshi ule ukiingia kifuani kwa shemeji hautoki. Atatoka yeye.

Alhamisi, 6 Juni
Muuza bunduki kanipa ya kisasa, ya kopo. Moshi kidogo. Eti nipime kwa kijiko kilekile cha baruti nyeusi, nisipime uzito, maana ni nyepesi. Nikamjibu nilianza baruti kabla babake hajaota ndevu. Nikapima uzito. Wee! Nimejikuta chali. Bega limevimba kama andazi. Binti kanikanda, hakunisema. Angenisema ningefurahi.

Shemeji alisikia mlio, akauliza punda gani kanipiga teke. Tukacheka mpaka akatema damu. Basi.

Jumamosi, 8 Juni
Nusu kijiko. Hapo sasa! Moshi kiduchu, bega halisikii kitu—na ni hili bovu. Ila baruti hii ina maringo. Fataki ya kuiwasha inasema tap, halafu unasubiri, ndipo gobore liitikie. Mara moja halikuitikia kabisa.

Nikaenda kumpa shemeji habari. Kaniita jina la dada yake. Nikaitika. Ningefanyaje?

Jumapili, 9 Juni
Asubuhi akili ilimrudi. Tukamtoa uani kwenye kiti, binti kamzungushia mito. Nikapakia mwenyewe, nusu kijiko, nikashindilia gololi kwa mdeki. Kitako begani kwake, mtutu nimeushika mimi, uzito usimwangushe. Akavuta.

Tap.

Nikamwambia asishushe, laweza kuitikia. Tukasubiri, shavu lake limelala kwenye kitako kama mtoto. Kimya. Fataki nyingine. Tap. Nikasema tutoe hii, tuweke ile nyeusi, moshi nitaupepea kwa shati. Binti akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Shemeji akasema, liacheni, linafikiri.

Tukamrudisha ndani. Mwepesi! Kama nguo za kuanua.

Gobore liko kona ya chumba chake, fataki nimeitoa, baruti bado imo. Mchana kila nikigusa mdeki nitoe gololi, anafungua jicho moja: kesho, shemeji, usiniibie zamu yangu.

Saa hii jua linazama. Nimeugusa mdeki makusudi. Hajafungua jicho. Anapumua, nasikia. Nimeugonga ukutani, kwa kelele. Binti kaja mlangoni, kasimama.

Nagonga tena.