Mkono Mwingine Kwenye Kamera ya Geti

Nyumba za Wafanyakazi, mlango wa nne,
Nyuma ya kiwanda cha mablanketi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Kasuku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Kifua chako bado kinakusumbua baridi ikizidi? Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Shangazi yako, yaani mama yangu, ambalo siku hizi ndilo linalotutabiria mvua. Likianza tu kuuma, anaanua nguo.

Nimekupigia simu wiki nzima mpaka nimechoka kuambiwa hupatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye shuleni uliniandikia insha zangu zote. Nikiparamia mambo, nivumilie.

Habari ni ya baba yako. Usishtuke, mzima. Ila lazima nianzie kazini, la sivyo hutanielewa.

Unajua natunza kamera za kiwanda. Ile ya geti kubwa ni ya zile zenye mota. Mtu akiwa chumba cha ulinzi anasukuma kijiti, nayo inageuka, inainama, inavuta picha karibu. Mwezi uliopita ilianza kiburi. Mama mmoja wa zamu, anayekaa kwenye skrini, akiipeleka kulia, inakwenda kidogo, inasita, inarudi getini. Akiiachia, inatembea yenyewe. Tena si ovyo ovyo, inachagua wanawake. Inamwanzia mmoja viatuni, inapanda taratibu mpaka usoni, inakaa hapo, kisha inamwacha kama mtu aliyemfananisha. Wasichana wa ushonaji wakahamia geti la nyuma. Mlinzi mmoja akaomba ruhusa na hajarudi.

Mimi, unanijua, siamini mizimu, naamini nyaya. Kila kamera ina namba yake, na mbili zikipewa namba moja, amri ya hii inatiiwa na ile pia. Nikakagua, hakuna zilizogongana. Nikageuza ncha za waya nikidhani zimepishana, nikabadilisha kifaa cha umeme, nikakaza kila kiungo. Wapi. Mwishowe nikachomoa kabisa kijiti chetu, nikaketi na yule mama tukiangalia skrini. Kamera ikageuka.

Mama wa skrini akachukua mkoba wake. "Mimi nakwenda kunywa chai," akasema. "Ukimalizana na huyo mwenzako, niite."

Kwa fundi maana yake ni moja tu: kuna mkono mwingine kwenye waya huohuo. Nikaufuata waya mchana ule, darini, ukutani, nyuma ya chumba cha kutia rangi, mpaka kwenye chumba cha zamani cha ulinzi, kile tulichokihama paa lilipoanza kuvuja. Mbele kulikuwa na kufuli. Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa umerudishiwa tu.

Ndani alikuwa amekaa baba yako.

Alivaa shati lake la kazi, limepigwa pasi. Kumbe kila asubuhi akituaga kwamba anakwenda kupiga soga kwa fundi viatu, anakuja hapa, kwenye kiti alichokikalia mpaka akastaafu. Walinzi wa geti la nyuma wanamwita Mkuu hadi leo na wanampisha bila swali. Mkono wake ulikuwa kwenye kijiti cha zamani, ambacho hakuna aliyekumbuka kukichomoa. Hakugeuka kunitazama. "Sogea," akasema, "unaniziba."

Dada, hapakuwa na cha kuziba. Skrini iliyokuwa mbele yake haina picha. Waya wake niliukata mwenyewe tulipohama, na nilipochungulia nyuma, ncha ilikuwa bado inaning'inia. Kioo kilikuwa cheusi ti.

"Unaangalia nini, Mjomba?"

"Geti. Yule mwenye ndoo ya bluu atagongwa siku moja, anavuka bila kutazama."

Nikampigia mama wa skrini, nikamuuliza anaona nini. "Kuna mwanamke ana ndoo ya bluu, anavuka barabara," akasema. "Kwani wewe uko wapi?"

Niliogopa, sikufichi. Nikamuuliza mzee anamtafuta nani, akanishangaa. Anakutafuta wewe. Siku ulipoondoka hakutoka kukuaga, mkaachana kwa maneno yale makali, na wewe huenda unadhani hakujali. Ameniambia alikuwa zamu, alikufuata kwa kamera hiyohiyo mpaka gari lilipokata kona. Mengi yamemtoka kichwani, mimi mwenyewe siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Hilo halijamtoka.

Meneja akaniamuru niukate waya wa kijiti kile, na haki anayo. Kwanza tukajaribu kumzuia mzee nyumbani. Alisimama mlangoni kutwa, hakugusa chakula, hakugomba na mtu, akawa anauliza tu nani yuko zamu. Mama alilia. Mimi nilikasirika, na nakwambia wazi, nilikukasirikia wewe. Asubuhi yake tukamwachia aende.

Alhamisi nilimfuata aje kula. Nikamkuta amesimama, amekiinamia kile kioo cheusi.

"Kafika," akasema. "Kapunguza nywele mpaka masikioni, na kakonda. Mbona haingii? Nenda kamfungulie mwenzio."

Nikapiga simu. Mama wa skrini akasema getini hakuna mtu. Nilikwenda hivyohivyo, kwa sababu kumkatalia nilishindwa. Nikafungua geti lote, nikasimama kando. Barabara ilikuwa tupu. Kisha juu yangu nikasikia mota. Kamera iliinama polepole, jicho lake likapita nilipo, likavuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, mpaka kwenye njia ya kwenda kile chumba. Ikasimama hapo.

Niliporudi, mzee alikuwa ameketi, anajifuta machozi na kucheka. Tukaenda nyumbani. Waya niliukata Ijumaa na hakuuliza. Hajarudi kule wala haonyeshi dalili ya kutaka kurudi. Anakula vizuri kuliko mwaka mzima uliopita, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dada, sikulazimishi kuja. Hasira zangu nimezimeza. Niandikie mstari mmoja tu, kwa mwandiko wako ninaoujua, uniambie nywele zako zikoje sasa.

Mama anakusalimu sana. Mama wa skrini naye anakusalimu ingawa hamjuani, na ananiuliza kila siku kama umejibu. Mungu akulinde popote ulipo, akupe pumzi na afya.

Nilimwambia baba yako kwamba nakuandikia, nikamuuliza ana salamu gani. Alinicheka. Alisema niache kupoteza stempu, nizungumze nawe mwenyewe kwa sauti ya chini, kwani umechoka na safari na umelala hapa nyumbani, chumba cha nyuma.

Mdogo wako anayekupenda na anayesubiri jibu,
Msumari