Tata na Bunduki Yake ya Miguu Miwili

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana huwezi tena kunikatiza kwa habari za bunduki yako. Wewe umelala Mwene-Ditu kando ya mama. Mimi nimerudi Kolwezi, nafundisha shule ya Dilala, na kila siku napita mbele ya nyumba yetu ya zamani. Na bado unanichosha.

Nani Dilala hakuijua FALO yako? Wenzako kambini walibeba FAL, bunduki ya kila askari. Yako ilikuwa FAL hiyohiyo, ila iliongezewa mtutu mnene na miguu miwili ya kuisimamisha chini, ikawa mitrayezi, rashasha nyepesi. Sisi watoto tulijua hayo kabla ya kujua sala. Mgeni hajamaliza kunywa maji, wewe umeshaanza: "Hii haiko FAL ya kila mutu. Banaitia kano ya nguvu, na miguu mbili." Hata kasoro yake uliisifu, kwamba mtutu ule haubadilishwi, ukishika moto lazima usubiri. Mama alisema ingekuwa na tumbo ungeipelekea na bukari.

Kisha mishahara ikakoma, migodi ikasimama, watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa Katanga. Mama alizaliwa hapa Kolwezi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na hilo likatosha. Vijana wa mtaa walisimama mlangoni wakasema sisi watoto tunaweza kubaki, kwa kuwa wewe ni Mluba wa Katanga. Mama arudi kwao. Kwao wapi? Hakuwahi kufika huko. Akafunga mizigo, nasi tukafunga yetu.

Tuliishi stesheni wiki kadhaa tukisubiri treni, na mama akaanza kukohoa vibaya. Ndipo jeshi likakutoa kwenye ulinzi wa bwawa la Nzilo, likakuleta palepale stesheni kutuliza watu. Ukaisimamisha FALO yako kwa miguu yake miwili mbele ya mkeo na wanao. Nilicheka kwa hasira.

Treni ilipoingia, mama hakukuomba umpige mtu risasi. Alikuomba kitu kimoja: "Panda na siye, tata batoto. Kale kabunduki ukaache palepale."

Ulikubali. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ulikubali. Kisha ukasema, "Ninairudisha kwanza. Nikiiacha, batasema niliiuzisha." Ukaitia begani, ukashika njia ya kambini.

Treni zile hazikuwa na saa, tata, na ulilijua hilo. Mama alikutandikia kitenge chake mahali pa kukaa, na watu walipotaka kupakalia aliwafukuza: "Iko na mwenyewe." Tukaondoka. Tukapita Tenke, tukapita Kamina, bado anagombana na watu wasio na pa kukaa. Tulifika Mwene-Ditu, huko Kasai, hawezi kusimama. Hakuona mwisho wa mvua za mwaka ule.

Ulifika ameshazikwa. Ulikuwa umekonda, viatu vimekwisha, nami sikukuonea huruma. Nilikuuliza ulikuwa wapi treni ilipoondoka. Ukanijibu bila haya kwamba ulikuwa kambini, umeifungua vipande vipande, unaipaka mafuta. "Bunduki haiingiake mu depo na buchafu." Wenzako walikuwa wanauza zao sokoni Manika! Nani angeikagua yako?

Ulitulea vizuri baada ya hapo, siwezi kukana. Ulijifunza kusonga bukari, ukawaogesha wadogo zangu, hukuoa tena. Nilikupenda, na nakupenda. Lakini kila nikikukumbuka nakuona na kile kitambaa chenye mafuta, na mkeo anakohoa ndani ya wagoni.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Baada ya Kamina nilimwambia mama kwamba umetutupa, hutakuja. Akanikemea mbele ya watu wote. "Anakuya," akasema. "Iko anapangusa ile bunduki tu."

Alijua, tata. Alijua kabisa ulikuwa wapi na unafanya nini, na hakukukasirikia. Basi hasira hii aliniachia mimi peke yangu.

Kaa naye vizuri huko, na usimsimulie habari za mtutu.

Binti yako mkubwa