Ukuni Wenye Mwandiko wa Babu

Eskil, na wewe Nao,

Nimekimbilia treni ya Asahikawa. Supu ya miso ipasheni tu, isichemke. Nao, zoa majivu ya jiko la sebuleni yakishapoa, na viatu vyako nisivikute mlangoni.

Baba Nao, asubuhi nimekufokea eti umeegemeza ukuni ukutani, unaniharibia sebule tuliyoiacha tupu kwa mtindo wa kwenu Norwe na wa kwetu Japani. Uongo. Sebule haina neno. Niliona mwandiko wa baba yangu kwenye ukuni ule. Alizipasua kuni zote mwaka juzi, akaandika tarehe ili tusizichome mbichi. Sasa zimekauka, yeye hayupo. Baridi yote hii tumekuwa tukiota moto wa mikono yake.

Umebaki huo mmoja. ~~Uchomeni leo, theluji ni nyingi.~~ Hapana, msiuchome! Usimamisheni kando ya jiko, pale pale ninapowakataza kuweka hata kikombe.

Mnakumbuka alivyoingia humu mara ya kwanza, akatazama kuta tupu, akaniuliza, "Kiyono mwanangu, mmeibiwa?"

Basi huo ndio waliotuachia wezi.

Mama