Ploti ya Baba Kwenye Ramani

Jumanne, 3 Juni 2008

Riruta tena. Manyunyu tangu asubuhi, matope hadi kwenye soksi. Kazi ni ile ile. Ingia kwenye ploti, bonyeza kifaa cha setilaiti, hesabu milango, hesabu vyoo, tafuta mfereji wa maji, andika, toka. Ramani hii ikimalizika itakuwa wazi kwa kila mtu, bure, na baraza la jiji litaitumia kuamua maji na zahanati ziende wapi. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye semina, tukipewa chai na mandazi.

Saa nane nikafika chini kabisa, karibu na kijito. Rasimu ya ramani inasema: shamba. Hakuna shamba. Kuna mabati, safu nne. Milango arobaini na mmoja. Vyoo viwili, kimoja kimejaa hadi mlangoni. Bomba linatoka nyuma yake na kumwaga kila kitu kijitoni. Hatua chache kutoka hapo mtoto alikuwa anasuuza sufuria.

Nilitapika kando ya ukuta. Miaka sita kwenye kazi hii, sijawahi.

Mpangaji mmoja, Mama Nduku, aliniletea maji kwenye kikombe nisukutue. Akaniambia nisiyamwage ovyo, yananunuliwa ng'ambo ya barabara. Binti yake Nduku, wa miaka minane, ana homa wiki ya pili sasa. Mama Nduku aliniuliza jina langu. Nikasema mimi ni wa ofisi ya ramani.

Sikumwambia kwamba ploti hiyo ni ya baba yangu.

Jumatano, 4 Juni

Nimeoga mara mbili. Harufu iko pale pale.

Nilijua Baba ana vyumba pale chini. Sikuwahi kuuliza ni vingapi.

Alhamisi, 5 Juni

Mjini. Lifti imekufa, ghorofa tisa kwa miguu. Nilitafuta fomu ya kwanza ya eneo lile, iliyojazwa na mwenzetu mwezi wa Januari. Imeandikwa vizuri kabisa: vyumba vya mabati, vyoo viwili, hakuna mfereji. Kwenye kompyuta limeandikwa neno moja, shamba. Aliyebadilisha ni Bwana Ndirangu, mkubwa wangu. Jina lake liko hapo, hata hakujisumbua kulificha.

Nilimwendea. Hakuona haya. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi wa kazi. Safu ya chini iko karibu mno na kijito, sheria haikubali. Ikionekana kwenye ramani, baraza litakuja na barua. Yeye na Baba wako kwenye kamati moja ya kanisa, wameelewana. Nikamuuliza kuhusu maji. Kwa kuwa pale ni shamba, bomba la maji limepangiwa upande wa juu, kwenye nyumba za mawe zenye matangi.

"Shamba haina kiu," akasema, akacheka kwa utani wake mwenyewe.

Ana chembe ya mandazi kwenye tai. Niliiangalia hiyo muda wote ili nisimwangalie usoni.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa, kisha chakula nyumbani kwa wazazi. Baba aliomba muda mrefu. Aliwaombea wagonjwa, aliwaombea maskini. Mchuzi ukapoa.

Nilimuuliza habari za ploti hapo hapo mezani. Mama akaacha kupakua. Baba hakukana lolote. Alisema wapangaji hawajalazimishwa kukaa pale. Alisema akijenga vizuri atapandisha kodi, na hao hao watalia. Nikataja bomba la vyoo. Akasema tunakula.

Nikalitaja tena.

"Njeri," akasema, "hiyo ploti ndiyo iliyokusomesha. Kila kitabu. Ulifikiri ni nini?"

Nyama ilikuwa mdomoni. Niliitoa nikaiweka ukingoni mwa sahani. Mama aliniongezea viazi.

Jumatatu, 9 Juni

Ndirangu aliniletea karatasi za mwisho za Riruta. Mimi ndiye mhakiki, bila sahihi yangu haziendi. Alikaa pembeni ya meza akinisifu kazi. Akaniulizia habari za Mzee.

Nilitia sahihi.

Mkono wenyewe umenichukiza. Nimeandika haya kwa mkono huo huo.

Jumatano, 11 Juni

Nilirudi Riruta kumalizia upande wa juu. Nikajikuta nimeshuka hadi chini. Mama Nduku alikuwa anakunja nguo za mtoto kwenye mfuko wa plastiki. Nduku yuko hospitali tangu Jumatatu. Taifodi imetoboa utumbo, wamempasua. Mama yake amekuja kuchukua nguo arudi.

Jumatatu. Siku ile ile.

Nilimwambia mimi ni mtoto wa mwenye ploti. Nilisimama nikingoja anitukane. Aliendelea kukunja.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Mko na uso moja na Mzee. Nilikuwa nangoja kuona kama utaandika."

Nikasema niliandika, halafu nikatia sahihi karatasi nyingine. Ilibidi nimweleze maana yake: kwamba serikalini yeye haishi pale, kwamba anapolala ni shamba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nimshikie mlango, kufuli ni mbovu na mikono yake imejaa.

Alhamisi, 12 Juni

Faili zinaenda kuchapishwa kesho, na mimi ndiye ninayezipeleka. Wakati wa chakula cha mchana wote walishuka. Nikafungua ya Riruta. Nikafuta shamba. Nikarudisha safu nne, milango arobaini na mmoja, vyoo viwili, bomba, na mahali linapomwaga. Sikuongeza hata nukta moja ambayo sikuiona kwa macho.

Kwenye nafasi ya mhakiki niliandika jina langu lote, pamoja na la Baba. Siku zote huandika herufi za kwanza tu.

Sikula.

Jumanne, 1 Julai

Ramani imetoka. Iko kwenye mtandao, iko kwenye maktaba, anayetaka diski anapewa. Watu wa baraza hawakuchelewa. Walishuka Riruta na karatasi mkononi wakaenda moja kwa moja hadi kwenye bomba. Amri iko mlangoni: vyoo vijengwe upya, bomba lizibwe, safu ya chini ibomolewe.

Safu ya chini. Chumba cha Mama Nduku ni cha kwanza kutoka kijitoni. Nilikihesabu mwenyewe. Nilikiweka mwenyewe kwenye karatasi. Sikuwaza.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemsaidia kuhama. Anaenda kwa dada yake Kawangware. Nilibeba jiko na godoro. Nduku ametoka hospitali, amekaa juu ya ndoo akituangalia, shingo nyembamba kama kidole. Anatembea taratibu ameshika tumbo.

Majirani wa safu ya chini hawakunisalimia. Mmoja alitema mate karibu na kiatu changu. Nilimwelewa. Wale wa safu za juu wananiita madam, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mama Nduku hakunishukuru. Nilimuuliza kama amenikasirikia.

"Hata kama ungeandika shamba, mtoto wangu angelala tu hapo penye bomba," akasema. "Lakini usiniulize leo."

Jumatatu, 7 Julai

Nimeondolewa kwenye kazi ya nje. Sasa niko dirisha la chini, natoa nakala kwa umma. Ndirangu alisema ni kwa sababu nina subira na watu. Yeye yuko pale pale ghorofa ya tisa. Hakuna aliyemuuliza neno. Kesho anaendesha semina kuhusu uaminifu wa takwimu. Nimeletewa mwaliko.

Baba hapigi simu. Mama amepiga, anaongea kwa kunong'ona, anasema Baba ameitoa ukutani picha yangu ya kufuzu.

Jumanne, 22 Julai

Mfereji umefika langoni mwa ploti. Nimeenda kuuona baada ya kazi. Wanawake kwenye foleni, ndoo za manjano. Maji safi. Nilitegemea kufurahi. Nilikuwa nawaza tu ni miaka mingapi iliyopita ungeweza kuwa umefika.

Nimehama pia. Chumba kimoja, nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Nina choo changu peke yangu. Nimekipiga deki mara tatu wiki hii.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba alikuja ofisini.

Alipanga foleni kama mtu yeyote, kofia mkononi, kwenye benchi na wanafunzi wa chuo. Zamu yake ilipofika aliomba karatasi ya Riruta. Nikampa. Haina masharti, anayeomba anapewa. Akaandika jina lake kwenye daftari. Akavaa miwani, akatafuta kwa kidole hadi akafika kijitoni. Alikiacha kidole hapo. Nyuma yake watu walianza kukohoa.

"Umeandika vyoo viwili," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Sasa ni vinne. Mtu akitaka ibadilishwe, inakuwaje?"

Nilimwambia lazima mtu wa ofisi aje ahesabu.

"Basi kuja uhesabu."

Alikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa koti. Amezeeka. Niliona hivyo na nikakasirika kwamba nimeona. Hakujenga kwa huruma. Alijenga kwa sababu ya barua ya baraza.

Jumamosi, 16 Agosti

Jua kidogo, la kwanza baada ya wiki nyingi. Nilishuka Riruta saa tatu. Baba alikuwa amefika kabla yangu, amesimama langoni.

Pale palipokuwa na safu ya chini pako wazi, udongo mtupu. Mtu amepanda mboga tayari. Bomba limezibwa kwa saruji.

Vyoo ni vya mawe, milango imepakwa rangi ya kijani. Nilifungua cha kwanza. Safi. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kina kufuli. Nilimuuliza. Akasema hicho ni cha keateka, mwangalizi wa ploti, na wageni wake, wengine wangekichafua.

Nilitoa fomu, nikaiegemeza kwenye goti. Alikuwa amesimama karibu, akisoma juu ya bega langu.

Niliandika vitatu.